Bibi Aliyekataa Kikombe

Usiniambie nilikuwa na njaa, wala usiniambie jua lilinipiga kichwani. Hayo nimeshaambiwa mpaka nimechoka. Nilimwona kwa macho yangu haya, uani kwetu Mkunya, mchana kweupe, na Somoe alikuwepo. Tena Somoe ndiye aliyelipa.

Somoe ni binti wa mama yangu mkubwa, tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kimegeuka biashara, maduka ya Newala yamejaa sabuni za kila rangi. Akaja bwana mmoja kutoka Dar, mpole, amevaa miwani. Tukamwita Mwalimu, ingawa hakuna shule iliyomwajiri. Akatukusanya vijana tuliomaliza darasa la saba bila pa kwenda, akasema atatufundisha kutunza vinyonga na vyura. Unacheka? Hata sisi tulicheka. Kwetu ukimwona kinyonga unatema mate, unakimbia.

Lakini kufundisha alijua, hilo simnyimi. Kinyonga usimbandue tawini, weka mkono apande mwenyewe. Akiwa mweusi, ana hofu au anaumwa. Na maji hanywi chomboni, hata kiu imuue. Anaramba matone kwenye majani. Sasa fikiria, huku juu kwetu hakuna maji, tunateremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, halafu Somoe anachukua yake ya kuogea, anayarashia majani ndani ya matundu ya vinyonga!

"We Somoe, hao wadudu ndio watakaoniosha mimi nikifa?" mama mkubwa alikuwa akifoka.

Somoe anacheka tu. Atasomea wanyama, Mwalimu amemwahidi.

Asubuhi moja tukakuta matundu matupu. Mwalimu kawapakia wote kwenye masanduku, kaenda kuwauza ng'ambo. Kumbe tulifundishwa kuwatunza ili wafike sokoni wazima! Somoe alilia kama amefiwa. Mimi nililia kwa hasira.

Siku chache baadaye tuko uani tunamenya mihogo, jua la saa saba, akaingia bibi kizee tusiyemjua. Anainua mguu, anasita, anautikisa mbele na nyuma, ndipo anautua.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

Hakuitikia. Mtu mzima gani wa kwetu asiyeitikia marahaba? Akasema neno moja tu: "Maji."

Somoe akampa kikombe kwa mikono miwili. Bibi akakitazama kama hajui ni kitu gani. Midomo imempasuka kwa kiu, niamini, lakini hanywi. Hapo ndipo nilipoyaona macho yake. Jicho moja liko kwenye kikombe, la pili linanitazama mimi.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Somoe hakuogopa. Alichovya vidole kikombeni, akarashia majani ya mihogo yaliyokuwa pembeni yetu. Bibi akainama, akaramba tone moja moja mpaka yakaisha.

"Ni wewe uliyekuwa unawanywesha?" akauliza, kwa upole kabisa.

"Ni mimi, bibi." Alisema kwa fahari, maskini.

"Wako sandukuni, gizani. Wanakufa mmoja mmoja. Aliyewauza hawamtaji. Wanakungoja wewe uje na maji."

Akamgusa Somoe shavuni, akatoka. Nilipochungulia njiani, hapakuwa na mtu, ni mikorosho tu.

Tangu siku ile jicho la kushoto la Somoe linakwenda linakotaka lenyewe. Tulimpeleka hospitali ya Ndanda, wakampima, wakasema jicho ni zima. Kila alfajiri anateremka bondeni, anapanda na ndoo yake, anarashia vichaka na mikorosho mpaka maji yaishe, huku anaomba radhi. Hakusomea wanyama, hakuolewa. Watoto wanamzomea.

Na Mwalimu? Ana duka kubwa Masasi. Nimemwona, kanenepa, macho yake yote mawili yanatazama mbele. Nimewahi kusimama njiani jua la saa saba nikimngoja yule bibi, nimwelekeze lilipo duka. Hakuja tena.

Kwa hiyo mtu akija kuwafundisha wanao kutunza kiumbe, muulize mapema kiumbe hicho kinakwenda wapi. Na ukitembelewa na bibi anayekataa kikombe, akauliza nani alikuwa akiwanywesha, nyamaza. Mwonyeshe tu njia ya Masasi.