Mume Wangu na Gia ya Pili

Mume wangu aliacha masikio yake kiwandani. Hakupata ajali yoyote. Ni zile mashine za kusokota majani ya chai, pamoja na injini kubwa iliyozizungusha, zilizomla usikivu kidogo kidogo. Siku moja nikamwita nikiwa mlangoni, yeye amenipa mgongo, akaendelea kunoa kisu chake kana kwamba hapakuwa na mtu. Nikamwita tena kwa sauti ya kuita ng'ombe. Hakugeuka. Nilisimama pale mlangoni nikalia, naye hakujua kwamba ninalia.

Tulikuwa vijana bado. Tulitoka upande wa ziwa tukaja Kericho wakati msitu ulikuwa bado unakatwa ili chai ipandwe, na yeye alianza kwa kupaka grisi tu. Akapanda cheo, akawa fundi wa mitambo. Masikio yalipokwisha nilijua tutafukuzwa tufunge mizigo turudi kwetu. Hatukufukuzwa. Alikuwa amejitafutia njia nyingine ya kusikia.

Alikata kijiti cha mtarakwa mkavu, kirefu kama mkono, akakilainisha kwa kipande cha chupa. Ncha moja aliiuma kwa meno ya mbele, ncha ya pili akaiegemeza kwenye mashine inayozunguka, kisha akafumba macho. Mtikisiko ulipita kwenye kijiti, ukaingia mfupa wa taya, ukafika ndani ya kichwa. Aliniambia si sauti kama ile ya zamani, ni kama mtu anayekunong'onezea ukiwa chini ya maji. Lakini alijifunza kutofautisha beringi nzima na beringi inayokufa, na wakubwa wa kiwanda wakaona mashine zao haziharibiki, wakamwacha na kazi yake.

Maneno ya watu aliyasoma mdomoni. Lugha ya nyumbani aliisoma vizuri. Kiswahili kilimshinda, kwa sababu pale kambini kila mtu alikisema kwa mdomo wa kwao: Mkipsigis hivi, Mkisii vile, sisi wa ziwani vile vingine. Basi mtu akiwa na neno naye alikuja kwangu kwanza, nami nikasimama mbele ya mume wangu nikaligeuza.

Ndivyo Mchungaji alivyotufikia Jumamosi moja asubuhi, anasukuma pikipiki.

Mchungaji alitoka milima ya magharibi, mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba iliyofika ng'ambo ya bonde. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya aliliachia kanisa pikipiki yake kuukuu, na tangu siku hiyo Mchungaji aliweza kuwafikia waumini wa mbali, hadi Chepilat na kwingineko. Siku ile kiwiko chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, na taa ya mbele ya pikipiki ilikuwa imepinda.

"Mama, fundi yuko?"

"Yuko nyuma, analima. Umeanguka, Mchungaji?"

"Nimeanguka na mzee wa kanisa nyuma yangu. Pale tunapopanda kutoka mtoni. Gia ya pili inajitoa yenyewe! Kwa tambarare hakuna neno. Nikishika mlima, mkono wa gia unaruka, injini inalia bure, na pikipiki inarudi nyuma na sisi juu yake. Mzee amesema hapandi tena mpaka Yesu arudi."

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka.

Nikamwita mume wangu kwa kumgusa bega, nikamweleza. Pikipiki za wakati ule hazikuwa kama za leo. Mkono wa gia ulisimama kando ya tangi, mtu akausukuma kwa mkono wa kulia, na kutoka hapo fimbo ndefu ya chuma ilishuka hadi kwenye giaboksi. Na hiyo giaboksi haikuwa mwili mmoja na injini. Ilikaa peke yake nyuma ya injini, imefungwa kwenye fremu kwa boliti, na cheni fupi ikaiunganisha na injini.

"Muulize wengine wamesemaje," mume wangu alisema.

"Fundi mmoja wa Londiani amesema meno ya ndani yamelika," Mchungaji alijibu. "Ameniambia hakuna dawa, nitafute nyingine. Na Chebunyo wananingoja Jumapili ya wiki ijayo. Kuna watu wa kubatizwa, wengine ni wazee kabisa. Kwa miguu sifiki."

Mume wangu alinitazama mdomo nilipokuwa nikiligeuza hilo, kisha akaitazama pikipiki muda mrefu. Akasema, "Pengine meno yamelika. Lakini sijayaona."

Alianza na kilicho chepesi. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma likawa hewani, akamwambia Mchungaji awashe na aingize gia moja baada ya nyingine. Akauma kijiti chake, akachuchumaa, akagusa giaboksi huku na huku kama daktari anayepima kifua. Mchungaji alitaka kuongea. Nilimwashiria anyamaze, ingawa kunyamaza kwake hakungemsaidia kiziwi. Ni heshima tu.

"Beringi ni nzima," alisema alipoinuka. "Meno yanazunguka bila kugongana."

Kisha akaifuata fimbo ya gia. Akagundua kwamba haikuwa ya urefu sawasawa, kwa hiyo gia ya pili ilikuwa inaingia nusu tu. Akairekebisha. Mchungaji akapiga makofi, akashukuru Mungu, akaondoka nayo kwa furaha. Kabla jua halijafika utosini akarudi, anaisukuma tena.

"Imekuwa nzuri zaidi," alisema, "lakini mlimani bado inajitoa."

Mtu mwingine angeona haya au angekasirika. Mume wangu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari aliyoihitaji, akaniomba karai langu la kuoshea mboga.

Alasiri hiyo yote aliifungua giaboksi kwenye gunia lililotandazwa mbele ya nyumba yetu. Mvua ya Kericho haikosi alasiri, ikatufukuza tukaingiza kila kitu ndani, gunia na vyote, na tukakaa tumezunguka karai langu lililojaa mafuta ya taa. Aliosha kila gia, akaipangusa, akaipanga kwenye gunia kwa jinsi ilivyotoka. Mafuta machafu aliyasugua katikati ya vidole, akasogea dirishani kutafuta vumbi la chuma linalong'aa. Hakuliona. Akanipa gia ya pili mkononi.

"Pitisha kidole hapa kwenye pembe za meno. Unaona nini?"

"Zimezeeka kidogo."

"Zimezeeka, ndiyo. Lakini bado zinashika. Meno haya hayawezi kumwangusha mzee wa kanisa."

Nilikuwa na hasira kidogo kwa ajili ya karai, lakini nakumbuka nilivyomwangalia pale. Watu wote walikuwa wameshasema ni meno. Ingekuwa rahisi na yeye aseme ni meno, kwa maana spea hazikuwepo na hakuna ambaye angemlaumu. Aliyarudisha yote mahali pake, akafunga, akaweka mikono yake michafu juu ya magoti.

"Hapa kwenye stendi haina kosa," alisema mwishowe. "Kosa liko mlimani, na mlimani mimi sisikii. Kijiti hakiwezi kufanya kazi pikipiki ikienda, nitavunja meno. Wewe utapanda."

"Mimi?"

"Nani mwingine ana masikio yangu?"

Siku zile mwanamke juu ya pikipiki lilikuwa jambo la kuambiana. Na nyuma ya Mchungaji! Nilikataa. Baadaye nikavaa kanga ya pili juu ya gauni, Jumatatu wakati wa jioni kiwanda kilipofunga, nikaketi upande kama anavyoketi mtu juu ya punda, nikashika chuma cha kiti badala ya kumshika mtumishi wa Mungu. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchuma chai walisimama na vikapu mgongoni. Mmoja, Mkipsigis jirani yangu, alipiga kigelegele hadi nikatamani kushuka.

"Usiangalie watu," mume wangu aliniambia. "Sikiliza tu. Nataka kujua kitu kimoja. Kabla mkono wa gia haujaruka, kuna sauti? Na ni sauti ya namna gani?"

Tulishuka hadi mtoni, tukageuka, tukaanza kupanda. Mchungaji akaingiza ya pili. Injini ikanguruma, mawe yakarushwa nyuma. Halafu nikasikia. Chini ya miguu yangu, tok. Mara moja tu, zito, kama mtu aliyesogeza kabati. Na baada ya hapo ndipo mkono wa gia uliporuka na injini ikapiga kelele bure. Mchungaji akakamata breki, mimi nikaruka chini na kanga ikabaki kwenye gurudumu.

Tulijaribu tena, na tena. Kila mara tok kwanza, ndipo kuruka.

Mume wangu alikuwa amengoja mlimani juu. Nilimweleza huku nikihema, nikampigia tok kwa ngumi kwenye kiganja chake ili auhisi uzito wake.

"Si kukwaruza? Si kama meno yanayosagana?"

"Hapana. Tok. Moja. Halafu inaruka."

Uso wake ulibadilika. Sijui niueleze vipi. Aliniangalia kana kwamba nimemletea mtoto aliyepotea. Alichukua kipande cha chaki kutoka mfukoni, ile ya kuandikia masanduku ya chai, akapiga magoti kwenye tope. Alifuta vumbi pale giaboksi inapokutana na fremu, akachora mstari mmoja mnyoofu uliopita juu ya vyote viwili, nusu kwenye fremu, nusu kwenye giaboksi.

"Mwambie apande tena. Ikiruka tu, azime, asiguse kitu."

Mchungaji akashuka, akapanda, ikaruka, akazima. Tulimkimbilia. Mume wangu akainama, kisha akanivuta mkono nione. Mstari wa chaki ulikuwa umekatika. Nusu moja ilikuwa imeikimbia nusu nyingine kwa unene wa ukucha.

Hapo akacheka, kicheko kikubwa cha mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, ndege wakaruka kutoka kwenye chai.

"Ndani hakuna ugonjwa," alisema, na mimi nikamgeuzia Mchungaji neno kwa neno. "Giaboksi yenyewe inatembea. Kwa tambarare cheni inaivuta polepole, inakaa. Mlimani cheni inaivuta kwa nguvu, nayo inapinda kwenye fremu. Ikisogea, inavutana na fimbo ya gia, na fimbo inaitoa gia. Ni kama mtu anayekuvuta mkono ukiwa umeshika kikombe."

"Kwa hiyo ni boliti?" Mchungaji aliuliza kama asiyeamini.

"Ni boliti."

Alipoifungua ile ya juu akakuta mizunguko yake ya kushika nati imelika kabisa. Ulikuwa unaweza kuikaza, ikakaa kama imekaza, na isishike kitu. Nalo tundu lake kwenye fremu lilikuwa limepanuka kama yai. Jumanne alimwomba mkubwa wa mitambo ruhusa ya kutumia mashine ya kukereza wakati wa mapumziko. Alikereza boliti mpya, nene kuliko ya zamani, akapanua tundu likawa duara tena, akakata na bamba la chuma la kuwekwa chini ya nati. Aliileta nyumbani imefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa inang'aa. Nimeona vito vya wanawake wa Kihindi mjini Kericho, lakini sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu kama boliti ile.

Akaifunga. Akakaza cheni. Kisha, kwa kuwa giaboksi ilikuwa imekaa mahali papya, akaipima tena fimbo ya gia tangu mwanzo, na hapo alimwita Mchungaji aje kutazama, akamfundisha kwa mikono yake mwenyewe. "Ukisogeza giaboksi kukaza cheni, lazima uifuate na fimbo. Mwambie asisahau. Nadhani ndivyo ilivyoanza kuharibika."

Mchungaji akarudia somo lote kwa sauti, kama mtoto wa katekisimu, nami nikaligeuza hadi mume wangu akaridhika.

Tuliipeleka mlimani. Safari hii mume wangu ndiye aliyeketi nyuma, mikono yake imeteremka imeshika fremu pande zote mbili ili auhisi mwili wa chuma. Mimi nilisimama chini kwenye daraja. Walinipita, wakaingiza ya pili, wakapanda, wakapanda, sauti ile ile moja hadi juu kabisa, ikapotea nyuma ya chai. Niliwangoja warudi wakachelewa. Walikuwa wamefika njia panda ya Sotik kwa furaha tu.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alienda Chebunyo. Alirudi Jumatatu, ana tope hadi magotini, na nyuma ya pikipiki amefunga kibuyu cha maziwa ya mursik kwa kamba ya mkonge. Watu wa kule walikuwa wamewaona wale wazee wao wakibatizwa, wakauliza ni nani aliyemwezesha kufika, naye akawaambia, ndipo wakampa kibuyu amletee fundi. Sisi wa ziwani hatukuwa tumezoea maziwa yale yenye ladha ya mkaa. Mume wangu alikunywa kikombe chote, akafuta mdomo, akaomba kingine.

Baada ya hapo pikipiki zilianza kuletwa nyumbani kwetu, za walimu, za makarani, nyingine kutoka Chepilat. Kila mwenyewe alikuja akiwa na jibu tayari: ni meno, ni klachi, ni mafuta mabaya. Mume wangu alisoma midomo yao hadi mwisho, akanitazama mimi nimgeuzie maneno yaliyompita, kisha akaenda kutafuta chaki. Na mimi nilivaa kanga ya pili. Sikuona aibu tena kupanda.