Jogoo wa Kila Robo Saa

Dada yangu Kemirembe alikuwa mnene, nikamwonea wivu. Akakonda, nikamwonea wivu zaidi. Ninalisema hilo mapema kabisa, na anayetaka kunicheka acheke sasa amalize, maana huko mbele hakuna kicheko kingi.

Tumezaliwa Nyakakika, wasichana wawili tu, yeye wa kwanza na mimi namfuata kwa miaka minne. Bibi yetu alikuwa akitusimulia kwamba zamani wake za wafalme wa Karagwe walinyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama, na huo ndio ulikuwa uzuri. Akimaliza anamfinya Kemirembe shavu, anasema, "Huyu angeolewa ikulu." Halafu ananitazama mimi miguuni. "Na wewe Vero, utakuwa na mbio." Mbio! Nani amewahi kuposwa kwa sababu ya mbio? Maziwa yakikamuliwa, kikombe cha kwanza ni chake. Gauni jipya ni lake kwa kuwa la zamani limembana, na hilo lililombana naletewa mimi, nalifunga kiunoni kwa kamba lisianguke. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nimeushiriki tangu utotoni, na nitazameni nilivyo.

Kemirembe akasoma, akapata kazi Rubwera, kwenye ofisi za wilaya, kitengo cha ardhi. Akipita sokoni na mwili wake ule, watu wanampisha na shikamoo juu. Akaolewa vizuri. Mumewe alipofariki, miaka mitatu iliyopita, nikadhani sasa tumelingana kidogo. Mungu anisamehe, nilidhani hivyo kweli. Lakini hata huzuni ilimpendeza.

Mwili ndio ukaja kumgeuka. Magoti, kisukari, presha, usiku analala ameketi ili apate pumzi. Mwaka jana madaktari wa Dar es Salaam wakamkata sehemu kubwa ya tumbo ili asiweze kula sana. Walimwambia kilichobaki kina umbo la ndizi, na ukubwa wake ni huohuo. Mtu wa Karagwe unamwambia tumbo lako ni ndizi! Alinipigia simu akiwa kitandani, tukacheka mpaka akaomba nikate kwa sababu nyuzi zilikuwa zinamuuma. Siku waliyompasua nililia kutwa nzima. Hilo nalo liandikwe.

Daktari alisema asikae peke yake, kwa hiyo wiki ya tatu baada ya kupasuliwa akaletwa kwetu Nyakahanga. Alikuja na karatasi ya masharti. Anywe maji lita moja na nusu kila siku, lakini asigugumie, funda moja moja, kwa sababu kile kitumbo hakina nafasi. Asinywe wakati wa kula, wala nusu saa kabla na nusu saa baada. Asiguse kitu kitamu cha kunywa. Na chini kabisa kulikuwa na mstari umepigiwa wino mara mbili: wengi wanaorudishwa hospitali hurudishwa kwa kukosa maji, na wengine hawafiki. Tena balaa lenyewe ni kwamba kiu alikuwa haisikii. Angeweza kukauka kama kahawa kwenye mkeka huku anapiga soga.

Karatasi hiyo aliichukua mume wangu, Nolasco. Nolasco ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa ratiba shuleni, lakini nyumbani hakumbuki kitu. Mimba zangu tatu, hakuna siku ya kliniki aliyowahi kuikumbuka. Basi mtu huyohuyo akakaa na simu yake jioni nzima, akaipanga ilie kila robo saa, na mlio aliouchagua ni jogoo. Jogoo akiwika, Nolasco anatafuta kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, anamimina maji, anapeleka kwa mikono miwili. "Shemeji, karibu." Dada anakunywa. Robo saa, kokoriko! "Shemeji, karibu." Na kifuniko hakikuwa kikikauka.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa kwangu alipewa kifuniko kwa wiki mbili, na anayempa ni mume wangu.

Jumapili moja tukaenda ibadani. Mchungaji yuko katikati ya mahubiri, kanisa limetulia, mara kokoriko! kwenye koti la Nolasco. Mchungaji akanyamaza, maana hata Petro hakuwemo kwenye somo la siku hiyo. Mwanaume akachomoa kichupa mfuko wa kushoto, kifuniko mfuko wa kulia, akamimina, akampitishia shemeji yake mbele ya pua yangu. Mimi nimeketi katikati yao, jamani! Wanawake wa kwaya wote wakanigeukia mimi. Nje, Benadeta wa kwaya, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa likizo, akanishika mkono. "Mama Noela, kumbe mzee anajua kuhudumia? Ulikuwa umemficha wapi?" Nikacheka. 

Na njaa yake nayo ilikuwa na mhudumu. Dada alikuwa anakula vijiko vinne vya chai vya yai au maharage yaliyopondwa, taratibu kama anayehesabu. Lakini nikifunua sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, mvuke ukatoka kwenye majani, machozi yanamlenga. Nolasco hapo hapo: "Shemeji, hiyo ni njaa ya tumbo au njaa ya kichwa?" Anampa maji, wanasubiri dakika kumi. Kama ni ya kichwa, wanaitembeza. Wanashuka hao kwenye mibuni, wanazunguka mpaka ipite, na mimi jikoni nawasikia wanavyocheka. Dada kila wiki nguo zinampwaya zaidi. Shingo imetokeza, kiuno kimetokeza. Mjane, ana mshahara, ana kiuno. Mimi nina mbio.

Nitasema wazi: niliogopa. Niliona nyumba yangu inaondoka funda moja moja, na ninayeosha kifuniko ni mimi.

Jumamosi ya wiki ya tano, Nolasco aliondoka asubuhi kwenda msibani Nyakakika. Simu akamwachia Kemirembe kwa ajili ya jogoo. Mimi akaniachia maagizo. "Mama Noela, usisahau maji ya dada yako." Ananikumbusha mimi dada yangu mwenyewe! Nikaitikia kwa heshima zote. Alipopotea kwenye kona, nikaichukua ile simu mezani, nikaizima. Nilitaka asubuhi moja tu bila jogoo, nyumba iwe yangu.

Baada ya muda mrefu dada akauliza, "Vero, jogoo leo kalala?"

"Chaji imeisha. Nimeichomeka."

"Basi nipe maji."

"Maji, maji! Leo nakupa kinywaji."

Nilikuwa nimefukia ndizi tangu wiki iliyopita, zimeiva vizuri. Nikazimenya, nikazikamua kwa majani makavu kwenye beseni, nikachuja omuramba mweupe, mzito, wa kukaribishia mkwe. Nilifanya kazi ile kwa hasira na kwa furaha pamoja. Karatasi ilikataza vitamu, niliikumbuka. Lakini moyoni nikajibu kwamba sukari ni ile ya dukani, hii ni juisi ya ndizi za shambani kwetu, tumeinywa tangu tulipoacha ziwa la mama. Daktari wa Dar es Salaam anajua nini juu ya omuramba? Na Nolasco anajua nini juu ya dada yangu? Mimi ndiye mwenye nyumba. Atakunywa cha mkono wangu.

Nikajaza kibuyu. Nikaonja kwanza, kama mwenyeji anavyotakiwa, nikapiga goti, nikampa. "Karibu, dada."

Akakitazama kibuyu. Akanitazama mimi. Mama yetu alitufunza kwamba ukipokea kibuyu cha omuramba hukirudishi kikiwa na kitu, labda kama unataka kumwambia mwenyeji kwamba humwamini. Kemirembe akashika mrija, akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Nilisimama pale mpaka mrija ukakoroma kwenye kibuyu kitupu. Na nilifurahi. Loo, nilivyofurahi!

Hazikufika dakika ishirini. Alianza kutoka jasho, jasho la kudondoka, na nje kuna baridi. Akashika kifua. "Vero, moyo unanikimbia." Akatapika, tumbo likamkata, akaharisha, akatapika tena mpaka hakuna cha kutoka. Alipojaribu kusimama macho yakageuka, nikamdaka. Nikamdaka mimi! Miaka yote hiyo, nisingeweza hata kumsogeza. Siku hiyo alikuwa mwepesi mikononi mwangu, na wepesi ule ulinitisha kuliko jasho.

Nikapiga kelele barabarani, bodaboda akasimama. Tulipanda mshikaki, dada katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kinagonga kidevu changu kila shimo. Njia nzima namwambia, "Kemi usilale. Usilale, Kemi." Midomo yake ilikuwa imepasuka, nami ndiyo kwanza naiona. Tangu saa moja asubuhi mpaka saa tano na nusu alikuwa hajapata hata kifuniko kimoja, kwa mkono wangu. Yote niliyomwonea wivu ningeyaongeza mara mbili nimrudishie, pamoja na gauni na maziwa, ili mradi anijibu. Hakujibu.

Hospitali walimtundikia dripu. Muuguzi, binti mmoja anaitwa Ainebyona, mdogo wa umri lakini mkali, akaniita pembeni. "Mama, huyu amekauka. Amekunywa nini leo?"

"Omuramba."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa kibuyu. Binti wa watu akafumba macho. "Na maji?"

Nikatikisa kichwa. Akaniambia mngechelewa kidogo mngekuja na maiti, akaenda zake kwa wagonjwa wengine.

Nolasco alifika saa tisa, vumbi la Nyakakika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepiga simu yake kwa simu ya watu mara sita, haipatikani; nyumbani majirani wakamwelekeza, akabeba simu na kikapu chenye kifuniko. Nikamtoa nje kwenye korido, nikamwambia kabla hajauliza. "Simu niliizima mimi. Omuramba nilimpa mimi. Nilikuwa nakuonea wivu. Nilikuwa nawaonea wivu wote wawili."

Nilingoja ngurumo. Akaketi kwenye benchi, akavua kofia.

"Mke wangu, unanionea wivu na kifuniko?"

"Mimi hujawahi kuniletea maji!"

"Ulipougua malaria nilikuletea uji. Ukasema hauna sukari, ukasema sufuria nimeiunguza, ukaamka na homa yako ukaenda kupika mwingine." Akapangusa vumbi usoni. "Dada yako nikimpa anapokea. Wewe nikupe lini?"

Mh!  Uji wenyewe ulikuwa umeungua kweli. Lakini nikaketi kando yake, na baadaye tukaingia ndani pamoja.

Kemirembe alifumbua macho jioni. Nolasco akaniachia simu, akaenda nyumbani kuwatafutia watoto uji. Tukabaki wawili. Nilitaka kuanza kwa msamaha, ikatoka hasira, ndivyo nilivyoumbwa.

"Kwani wewe hukujua? Karatasi ulikuja nayo wewe! Ulijua kwamba omuramba ni mtamu."

"Nilijua."

"Ulijua utakudhuru?"

"Nilijua utanidhuru. Sikujua kiasi hicho."

"Sasa kwa nini ulikunywa, Kemi? Ukanywa mpaka mwisho!"

Akalamba midomo. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikainama ili nisikie.

"Vero, tangu tukiwa watoto, kila ulichonipa ulinipa umenuna. Maji ya kunawa umenuna. Hata siku ya harusi yangu zawadi ulinipa umenuna, picha ipo. Leo ulipiga goti, ukatabasamu. Nikaona nikikikataa hiki, hutanipa kingine tena."

Jogoo akawika mapajani mwangu. Nilikuwa nimeiwasha simu bila kufikiri, nayo haikuwa imesahau kazi yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutafuta kuku aliko. Ainebyona alikuwa ameruhusu maji, funda moja moja, basi nikachukua kifuniko kwenye kikapu, nikamimina. Nusu yake ikamwagikia shuka, nikamimina tena.

"Usinune," akasema dada yangu.

"Sijanuna," nikasema. "Kunywa."