Sauti ya Nani Kinywani mwa Bupe

Mtoto hajawahi kusema hata "mama". Halafu mchana mmoja anafungua mdomo na kutoa sauti ya mtu mzima.

"Nyamaza, habibi. Wakikusikia watakuchukua."

Dada yangu Tupokigwe alidondosha mwiko.

Nyie, hii imetokea Keko, nyumba ya kupanga, nyuma ya mafundi fenicha. Mie nilikuwa naishi nao. Dada ameniruhusu niisimulie.

Aliyeongea ni binti yake, Bupe, miaka sita. Bupe ana usonji. Tena umakini wake haukai mahali, na moyo wake hushuka ghafla: analia bila kuguswa, anagoma kula mpaka kesho yake.

Kumvalisha gauni ilikuwa vita. Lebo ya shingoni ikimkwaruza, anajing'ata mkono. Wali na maharage visigusane kwenye sahani. Mwambie avae viatu, anavaa kimoja, anaona nzi, imeisha hiyo.

Mashine za mafundi zikianza kunguruma, anaingia chini ya kitanda. Hatoki hadi jioni.

Sasa mtoto huyo, baba na mama wote wa Tukuyu, bara kabisa, "habibi" kaitoa wapi? Na ile lafudhi ya pwani, laini, ya kubembeleza?

Jumamosi shemeji Stanley akaisikia kwa masikio yake.

"Usigonge, habibi. Nakuomba, usigonge."

Shemeji alirudi nyuma mpaka akagonga kabati.

"Hilo ni jini, Tupo. Jini la pwani kabisa."

"Baba Bupe, huyo ni mtoto."

"Mtoto ni wangu. Sauti si yake."

Maneno yakazidi. "Nitakutoa nje, habibi. Si leo." Akishasema hivyo, Bupe anajifunika uso na kanga ya mama yake, mabega yanatikisika, kimya. Yeye ambaye kilio chake mtaa mzima unakijua!

Hicho kilio cha kimyakimya ndicho kilichommaliza dada.

"Gladness," aliniambia, "nikimwogesha siku hizi, najiona kama namwogesha mtoto wa mtu."

Shemeji akakata shauri: Bupe apelekwe Tukuyu kwa bibi yake. "Kuna chumba kule uani. Atakaa mle, hatamsumbua mtu."

"Utamfungia?"

Shemeji akaanza kutafuta mabegi.

Kabla ya safari dada alimpeleka hospitali, akamweleza daktari yote, kuanzia habibi mpaka jini. Daktari hakucheka.

"Watoto wengine wenye usonji huanza na maneno ya kuazima. Anasikia sentensi, anaihifadhi na sauti yake, hata na kilio chake. Mama, usiulize nani kamwingia. Uliza anamsikia nani."

Anamsikia nani? Televisheni yetu ilishakufa zamani. Redio hatuna.

Mabegi yakafungwa. Mchana wa siku ya mwisho kabla ya safari, umeme ukakatika Keko nzima. Mashine zote zikanyamaza kwa mpigo. Dada akainama chini ya kitanda kumtoa Bupe, akamkuta kabana sikio ukutani, kwenye tundu la bomba la zamani, kubwa la kutosha hata kuchungulia.

Akajilaza kando yake.

Ko. Ko. Ko.

Upande wa pili wa ukuta, mtu anagonga. Kisha sauti ileile:

"Usigonge, habibi. Nakuomba."

Dada akainuka mbio. Maana upande ule ni stoo ya mama mwenye nyumba, Bi Hamdiya. Mjane mpole, ana duka pale barazani, ukimsalimia anaitikia na hapo mazungumzo yameisha. Anaishi peke yake. Stoo yake haijawahi kukosa kufuli.

Alitoka pekupeku. Akamkuta ndio anafunga lile kufuli.

"Shikamoo, Bi Hamdiya."

"Marahaba, Mama Bupe."

"Naomba ufungue."

"Kuna magunia tu humu, mwanangu."

Dada akamtazama usoni. "Nitakutoa nje, habibi. Si leo."

Ufunguo ukamponyoka yule mama. "Nani kakwambia?"

"Binti yangu. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu azaliwe."

Bi Hamdiya akakaa sakafuni pale pale. Dada akaokota ufunguo, akafungua.

Ndani alikaa mvulana wa miaka kama kumi na moja. Msafi, kanzu imepigwa pasi, nywele zimechanwa. Dirisha limezibwa kwa mbao. Alikuwa anajiyumbisha huku na huku, macho kayafumba kwa mwanga uliotoka mlangoni.

"Sultan," alisema Bi Hamdiya. "Mwanangu wa kumzaa."

Alikokuwa anakaa zamani yule mama, watu walisema kamtoa mtoto akili ili apate utajiri wa duka. Siku moja wakampiga mtoto mawe. Akahamia Keko, akawaambia watu hana mtoto.

"Nilimficha nisimpoteze," alisema. "Nikampotezea humuhumu ndani."

Shemeji Stanley aliporudi kazini alisimama mlangoni pa ile stoo muda mrefu, anaitazama mbao ya dirishani.  Akaingia chumbani, akafungua begi la Bupe, akaanza kurudisha nguo moja moja kabatini.

Msidhani Sultan alitoka siku ile. Aligoma. Mlango uliachwa wazi wiki nzima, anautazama tu. Bupe ndiye aliyeingia, akakaa kampa mgongo, anachezea vidole vyake.  Siku iliyofuata akarudi tena.

Leo wote wawili wanakwenda kliniki, maana kumbe Sultan naye ana usonji. Bupe anafunga vifungo vyake mwenyewe, akiwa na siku nzuri. Siku mbaya bado zipo.

Na juzi Sultan alifika mpaka barazani. Mteja mmoja akashangaa: "Bi Hamdiya, huyu wa nani?"

 "Wangu," akasema. Mashine zilikuwa zinanguruma, ikabidi arudie kwa nguvu. "Nimesema ni wangu!"

Ndugu zangu, mtoto akisema usichokielewa, msikilize kabla hujamtafutia mganga. Na wewe uliyemfungia wako kwa kuogopa midomo ya watu: yeye hawajui hao watu. Anachokijua ni kwamba wewe ndiye mwenye ufunguo.