Mistari Mitatu ya Mayu

Nimemwomba Mwenyezi Mungu toba kwa mengi, naye ni Mwingi wa kupokea. Lakini kosa hili lilimhusu mja mwenzangu, na chuoni nilifundishwa kwamba haki ya mja hurudishwa kwa mja.

Miaka ya sabini nilifundisha ngumbaru pale Tinde. Darasa letu lilikuwa ghala la pamba, maana msimu wa ununuzi ulikuwa umepita. Wanafunzi waliketi juu ya magunia matupu, na wengi walinizidi umri. Miongoni mwao alikuwamo mjane mmoja tuliyemwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Nilimwamkia shikamoo kila siku kabla ya kumfundisha herufi. Mwanawe alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, na ng'ombe wake wote wanne waliuzwa ili kijana apate pa kuanzia.

Siku moja afisa wa elimu ya watu wazima alituletea karatasi kutoka Shinyanga. Ng'ambo kulikuwa na tuzo ya mashairi, ya watu wa mataifa yote, iliyowekwa kumkumbuka mshairi mmoja marehemu. Hakuwa Mjapani, ila aliupenda utamaduni wa Japani hata akaacha tungo ndefu, akawa anaandika mistari mitatu tu, juu ya kitu alichokiona kwa macho. Washiriki nao waandike hivyo, kwa lugha zao, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tungo bora zingechapwa kitabuni.

Niliwapa darasa zima kazi hiyo. Wengi waliandika salamu kwa jamaa zao. Mayu alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, kisha akasimama akasoma:

*Ng'ombe tumewauza.*
*Mvua ya leo*
*imejaa kwenye nyayo zao.*

Akakaa. Mzee mmoja mfugaji akauliza, "Imekwisha? Au umeishiwa wino?"

Ghala zima likacheka. Mayu naye alicheka, akamjibu, "Wewe umeandika jina lako tu, tena nusu." Halafu akanigeukia. "Mwalimu, hao watu wakilichapa, jina langu litakuwepo?"

"Litakuwepo, Mayu."

"Basi nitamwonyesha mwanangu. Anadhani huku nakuja kupiga soga."

Alinikabidhi karatasi yake nikaenda nayo nyumbani. Mimi nilikulia kwenye mashairi. Marehemu baba yangu, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alitufundisha vina na mizani kabla hatujajua kufunga viatu. Kwangu, utungo usio na vina ulikuwa kama mtu aliyetoka nje bila nguo, na nilimwonea huruma Mayu kwa kicheko kile. Masharti niliyasoma vizuri. Hata hivyo nilijiambia kwamba mistari mitatu ni kama faradhi, na mtu akiongeza sunna hapati dhambi. Nikaongeza beti nne. *Mola ndiye mtoaji, tusilie duniani*, na kuendelea, kila ubeti na mawaidha yake. Nikatafsiri, nikaweka jina la Mayu chini, nikatia posta. Nilijiona nimetoa sadaka.

Kesho yake nilimwambia nimelinyoosha kidogo.

"Kwani lilikuwa limepinda?" akauliza.

Nikacheka. Sikumsomea.

Jibu lilikuja baada ya miezi mingi, likiwa na jina lake juu ya bahasha. Aliingia nalo ghalani amelikumbatia kifuani, akanipa mbele ya wote nimsomee, kwa kuwa lilikuwa la Kiingereza. Waamuzi walishukuru. Walisema utungo umeondolewa kwa kuzidi mistari mitatu. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba amesikitika sana, kwa sababu mistari mitatu ya mwanzo, ingalikuja peke yake, angaliipigania iingie kitabuni.

Macho yote yalikuwa kwangu.

"Wanasema asante," nikasema. "Washiriki walikuwa wengi."

"Kuhusu ng'ombe hawakusema kitu?"

"Hawakusema."

Alichukua barua yake, akaikunja, akarudi kwenye gunia lake. Mzee mfugaji hakutania siku hiyo.

Ijumaa tatu nilisali nikiwa na uongo ule mdomoni. Nilimwomba Mungu anisamehe, na kila nilipoinua mikono nilijua nagonga mlango usiokuwa wenyewe. Ijumaa ya nne nilitoka msikitini nikaenda moja kwa moja shambani kwa Mayu. Alikuwa anapalilia. Nilimwamkia, nikamsomea barua yote, neno kwa neno, kisha nikamsomea beti zangu.

Alisikiliza ameegemea mpini wa jembe.

"Huyu Mola uliyemwongeza," akasema mwishowe, "ulidhani mimi sikumwona? Mvua nani alileta?"

Nilimwomba anisamehe.

"Nimekusamehe, Mwalimu. Sasa waandikie. Waambie yale mengine ni ya kwako."

Niliandika usiku uleule. Nikasema yaliyo yake ni yapi na yaliyo yangu ni yapi, na kwamba kosa lilikuwa la mwalimu. Hawakujibu, na nadhani kitabu kilikuwa kimeshachapwa. Mwanawe aliporudi kutoka Geita, mikono mitupu, hakukuwa na kitu cha kumwonyesha.

Mayu aliendelea na kisomo mpaka akapata cheti, nami namshukuru Mungu kwamba angalau kosa langu halikumfukuza darasani. Alinisalimu vizuri, alinitania kama zamani. Hesabu zake alinionyesha nizisahihishe. Lakini nilipopita kati ya magunia naye anaandika maneno, aliweka mkono wa kushoto juu ya karatasi, taratibu, bila kuniangalia, akangoja mpaka nipite.