Ubao wa Upepo Nilioununua Nkwenda

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka najikuta nacheka peke yangu jikoni. Nimeona nikusimulie leo, mwanangu, kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu yako picha ya ule ubao wa kujaza upepo, ule wa kusimama juu ya maji na kupiga kasia. Ukaniambia umeupata kwa bei rahisi na muuzaji anataka jibu upesi. Basi kaa hapo mkekani kwanza. Kahawa bado ina moto, na huyo muuzaji hatakufa akingoja mpaka tumalize.

Najua ulinionyesha kwa kunifurahisha tu, ukidhani shangazi yako hajui vitu hivyo. Baba yako hakukuambia? Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza kusimama juu ya ziwa letu la huku Nyakakika, mchana kweupe, watu wakitazama kutoka mashambani. Wengine walisema nimepata wazimu.

Nilikuwa bado kijana. Asimwe wangu, ambaye leo unamwona na pikipiki yake, ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kabla ya kuolewa niliwahi kufanya kazi ya usafi katika nyumba ya wageni kule Bukoba, karibu na ufuko. Wageni walikuwa na mbao zile. Asubuhi moja mama mmoja mgeni aliniona nimesimama na ufagio namtazama, akaniita, akanishika mkono nikapanda kwenye maji ya magotini. Nilisimama kidogo tu kisha nikaanguka na sare yangu ya kazi. Lakini kile kidogo, mwanangu, sikukisahau. Nilikuja kuolewa, nikalima migomba na kahawa, nikazaa, na bado nikiwa napalilia nilikuwa nawaza vile maji yalivyotikisika chini ya nyayo zangu. Kuogelea nilikuwa najua. Baba yako ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha kwa kunirushia maji usoni mpaka nilipoacha kulia.

Siku hiyo ninayokuambia, wifi yangu aliyeolewa Nkwenda alinipigia simu. Akasema kuna mzee muuza mitumba pale sokoni, anaitwa Mzee Saidi, ameletewa mzigo kutoka Uganda, na ndani yake kuna kitu kama godoro lililokunjwa, lina kasia. Moyo uliruka. Nilimwambia mume wangu, Kamugisha, naye akanitazama kwa muda kama anavyotazama mgomba wenye ugonjwa. Halafu akasema, "Sasa Mama Asimwe, huo ubao utatupa nini?"

Nikamjibu kwa kweli tu, "Hautatupa kitu. Nautaka."

Kesho yake akaniambia niende, mavuno ya kahawa yalikuwa mazuri na mimi ndiye niliyeyachuma. Ndivyo alivyo yule mtu, na ndiyo maana bado niko naye.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenuna. Aliishi nasi, mtu wa sala na wa kanuni zake, na kwake ziwa lilikuwa mahali pa kuchota maji na kurudi nyumbani. "Mwanamke mwenye mtoto anakwenda kucheza majini," alisema akimenya ndizi, bila kuniangalia. "Na tukikukosa, huyo mtoto nitamwambia mama yake alikwenda kutafuta nini?"

Nilijifanya sijasikia. Nikaondoka.

Mzee Saidi alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Watu wake walitoka Pangani, babu yake ndiye aliyekuja huku kufanya biashara, lakini yeye Kinyambo, lugha yetu ya huku, alikizungumza kuliko mimi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanionyesha. Ubao ulikuwa wa buluu, umekunjwa kama mkeka na kufungwa mkanda. Niliushika nikanusa harufu ya mpira, nikaona ni wangu. Bei aliyonitajia ilikuwa ya chini kiasi kwamba niliogopa asije akabadili mawazo.

"Funga nichukue, mzee," nikamwambia. "Gari la kurudi linakaribia kuondoka."

"Subiri, binti. Tuujaze kwanza."

"Nitaujaza nyumbani."

"Hapana. Tuujaze hapa, kisha nenda kwa wifi yako ukale, ukirudi tuone kama bado umejaa."

Nilikasirika, mwanangu. Nilidhani ananichelewesha ili aje mteja mwingine mwenye bei kubwa. Nikasema kwa sauti ambayo sikuzoea kuitumia kwa mtu wa umri wake kwamba pesa ninazo, ubao ninautaka, na yeye kazi yake ni kuuza.

Akavua miwani akaifuta kwa kanzu. Hakupandisha sauti. "Kuuza ni kazi yangu, ni kweli. Shati likichanika utarudi unitukane, nami nitakupa jingine. Lakini hiki ni kitu cha kukubeba juu ya maji. Kikichanika hutarudi kunitukana. Atakuja mumeo na kitambaa mkononi kuniambia habari za msiba. Sasa wewe unakimbilia gari?"

Watu waliokuwa wanachagua nguo pale pembeni waligeuka kunitazama, na nilitamani ardhi inifiche.

Tukaujaza. Ile pampu ya mkono ni kazi kama ya kutwanga. Mwanzoni ni rahisi, kisha unahema. Watu walijaa kutazama. Ubao ulipokuwa mgumu kama meza, Mzee Saidi akaleta bakuli la maji ya sabuni na kitambaa, akapaka kuzunguka pale pa kuingizia upepo, na kando zote palipounganishwa kwa gundi. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Nikaanza kutabasamu. Halafu karibu na mkia, povu likaanza kuvimba taratibu, viputo vidogo vidogo vikipasuka na kuzaliwa tena. Nilipoinama nikasikia upepo ukitoka, sauti nyembamba kama ya mbu.

"Tunaweza kubandika kiraka," nikasema. Hata mimi nilisikia sauti yangu ilivyokuwa ndogo.

"Tundu katikati ningebandika," akasema. "Hapa ni gundi ya kando imechoka. Ukibandika hapa itaachia pale. Sikuuzii."

Nilirudi Nyakakika mikono mitupu. Mama mkwe aliponiona hivyo alifurahi mpaka akanipakulia chakula yeye mwenyewe. Nilimsimulia Kamugisha nikitegemea amlaumu yule mzee, naye akasema, "Mtu huyo ningependa kumsalimia."

Akapata nafasi hiyo. Baada ya mvua za vuli Mzee Saidi alipiga simu. Umekuja ubao mwingine, akasema, umechubuka rangi lakini ameujaza na umelala dukani kwake bila kulegea. "Njoo na mumeo. Atakayesimama ufukweni akikungoja lazima ajue kitu hiki kimeundwaje."

Safari hii sikuwa na haraka ya gari lolote. Tuliupaka sabuni sisi wenyewe, Kamugisha akapita kila kiungo kwa kidole chake kama anayetafuta mwiba. Tukasoma maandishi ya pembeni yanayosema uzito unaobebwa, na mimi nikapanda kwenye mizani ya muuza maharage jirani, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Tukaona kamba ya mguuni, inayokufunga na ubao, ipo na haijaoza. Pezi la chini ndilo halikuwepo, lile linalouzuia ubao kuzunguka ovyo. Kamugisha akapima nafasi yake kwa kipande cha kijiti, akasema atalichonga. Kasia lilikuwa la bei ya chini kama ubao wenyewe, la vipande vya plastiki vya kuunganisha, na Mzee Saidi hakulificha hilo: "Hili litakufaa kujifunzia. Usiliamini sana."

Kisha akaweka juu ya meza jaketi la kuelea, la rangi ya chungwa. Nikasema hilo tutanunua safari nyingine, mimi najua kuogelea. Akauvuta ubao nyuma yake kama mtoto anayeficha kikombe. "Vinakwenda pamoja," akasema. Kamugisha alishaanza kutoa pesa kabla sijafungua mdomo.

Pezi lilipokuwa tayari tulichagua asubuhi, kabla upepo haujaamka. Tulikwenda kwanza kuwauliza wavuvi ni upande gani viboko hupenda, wakatuonyesha, nasi tukakaa upande mwingine kabisa. Asimwe tulimwacha shule. Mama mkwe alikuja. Hakuna aliyemwita. Alijifunga kitenge, akachukua fimbo yake, akakaa juu ya jiwe na Biblia mapajani, akasema amekuja kuhakikisha kwamba atakuwa na la kusimulia.

Nilianguka. Nikapanda, nikaanguka. Nilipiga magoti, nikakaa hivyo muda mrefu nikijifunza jinsi ubao unavyopumua. Kisha nikasimama, mwanangu. Macho mbele, kasia linaingia majini na kutoka, na vilima vyote vya kwetu vikiwa vimelala chini yangu ndani ya maji kama kwenye kioo, na migomba yake. Sijui nikueleze vipi. Niliimba. Kamugisha anasema niliimba kwa sauti mbaya.

Furaha ile ndiyo iliyonipeleka mbali kuliko nilivyopanga. Niligeuka nikaona watu wa ufukweni wamekuwa wadogo, na wakati huohuo nikasikia upepo shingoni. Pale kwetu ukianza hauombi ruhusa. Maji yalikunjamana, ubao ukaanza kusukumwa kuelekea mafunjo ya upande wa pili, upande ule wa viboko. Nikapiga kasia kwa nguvu zote. Likavunjika kwenye kiungo, nikabaki nimeshika kijiti na mimi huyo majini.

Niliibuka nikikohoa maji. Lakini jaketi lilinishika kichwa juu, na mguu ukavutwa, ubao ulikuwa pale pale mwisho wa kamba, umenisubiri. Kama si kamba ile upepo ungeuchukua kama jani, na kukifukuza kwa kuogelea kitu kinachobebwa na upepo ni kujimaliza. Nikapanda kifudifudi, nikaanza kuvuta maji kwa mikono miwili. Nilisikia Kamugisha akipiga kelele kunielekeza nikate upande, nifuate ukingo, nisipambane na upepo uso kwa uso. Alikuwa anakimbia ufukweni sambamba nami, suruali imelowa mpaka kiunoni. Nilifuata sauti yake. Mabega yaliwaka moto. Nilivuta, nikapumzika, nikavuta, mpaka mkono wangu ukagusa matope na yeye akanishika.

Tulikaa pale matopeni. Mama mkwe akafika, akihema, fimbo ameiacha njiani. Nilingoja anikaripie, maana alikuwa na haki. Akanigusa uso, akagusa jaketi, akalivutavuta kuona lilivyofungwa. Kisha akauliza, "Huko kati ulikuwa unaimba nini?"

Nikamwambia ni ule wimbo wa mavuno tunaoimba kanisani.

"Ulikosea ubeti wa pili," akasema.

Upepo ulipotulia siku nyingine, asubuhi kama ile, alikuja tena bila kuitwa, akalivaa jaketi juu ya kitenge chake, akaketi katikati ya ubao miguu ameinyoosha. Kamugisha na mimi tukamvuta kwenye maji ya magotini, huku na huku. Mwanamke yule ambaye sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti alicheka mpaka wavuvi wakasimamisha mtumbwi. Aliishi miaka mingine mizuri baada ya hapo, Mungu amlaze pema, na kila mgeni aliyekuja nyumbani alimwambia kwamba ametembea juu ya maji, tena ameketi.

Basi, mwanangu, nunua. Sikuzuii hata kidogo. Mtu anayefanya kazi kama wewe ana haki ya kitu kimoja kisichompa chochote zaidi ya furaha. Na bei rahisi si aibu, mimi nilinunua rahisi. Ila muuzaji asiyetaka uujaze mbele yake na kuuacha mpaka umalize kula, huyo mwache na ubao wake. Pita kwenye kila kiungo kwa sabuni na kwa kidole. Uzito wako usiuonee haya, uulize kama unabebwa. Ukitaka kupunguza gharama, punguza kwenye rangi, punguza kwenye mfuko wa kubebea, lakini jaketi na kamba ya mguuni usiviguse, hata kama unaogelea kama samaki. Kasia la plastiki libadilishe mapema, mimi nilichelewa. Usiuache juani umejaa upepo, utavimba na gundi itaachia. Wenye ziwa lao waulize kabla hujaingia, na awepo mtu ufukweni anayejua jina lako.

Na huyo mtu wa ufukweni, akinuna, usimwone adui wa furaha yako. Mpe nafasi apande. Huenda naye amekuwa akitazama maji miaka yote hiyo.

Mungu akutangulie uendako, akupe miguu isiyotetemeka na asubuhi zisizo na upepo. Akurudishe nchi kavu kila mara ukiwa na njaa na hadithi. Sasa lete kikombe nikuongezee kahawa, halafu mpigie huyo muuzaji umwambie unakuja mwenyewe, na sabuni yako.