Mwambie Kinu

Tangu mkewe afariki, nyumba ya Ompu Tiur kando ya ziwa, kisiwani Samosir, ilikuwa imekufa ulimi. Si kwamba haikuwa na watu. Alikuwemo Rondang, mke wa mwanawe Parlin, na alikuwemo Tiur, mjukuu mchanga ambaye mzee aliitwa kwa jina lake, maana anayepata mjukuu huliacha jina lake la ujanani akawa Ompu, yaani babu, wa fulani. Parlin mwenyewe alikuwa Batam, akichomelea vyuma vya meli.

Lakini baba mkwe na mkamwana hawasemezani. Ndivyo Ompu Tiur alivyolelewa. Mkewe alipokuwa hai halikuwa tatizo. "Mwambie mkamwana wako mvua inakuja, aanue vitunguu," alikuwa akisema, naye mkewe akilifikisha neno, ingawa Rondang ameketi pale pale, mkono unamfikia. Sasa mfikisha maneno yuko kaburini.

Rondang alikulia Jakarta. "Horas, Amang. Umeamkaje?" humsalimu kila asubuhi, ana kwa ana, akimwita Amang, yaani baba, kama vile baba mkwe humtaja mkamwana kuwa Inang, mama. Mzee hugeukia dirishani. Watoto wa siku hizi, aliwaza kwa uchungu. Wanakutana njiani hawaulizani ukoo, salamu wanapeana kwa simu, siku moja mtu atamposa dada yake wa ukoo na asijue. Nani abaki kuilinda adabu? Akailinda yeye, miezi na miezi, midomo imekazwa kama kizibo.

Mchana mmoja dada yake Lasma akaja na kapu la samaki.

"Ito," alimwita, kama dada amwitavyo kaka, "mkamwana wako anafunga mizigo. Kesho asubuhi anapanda boti, anarudi kwao na mtoto. Anasema unamchukia."

"Nimchukie? Mimi namheshimu. Sijamtupia hata neno moja."

"Ndilo hilo. Mbwa wako unamsemesha."

"Mbwa si mkwe wangu."

Lasma alicheka, kapu nusura limponyoke. "Na wewe ndiye unayejifanya ghala la mila. Umesahau baba alivyokuwa akifanya na mke wa kaka yetu, mama akiwa shambani? Si alikuwa akiongea na kinu? 'Kinu, mwambie Inang chumvi imezidi.' Na yeye anakijibu kinu: 'Mwambie Amang kesho apike mwenyewe.'"

Ompu Tiur alikumbuka. Akajiona mtoto, amebandika sikio kwenye kinu kile, akitafuta kinasikilizia wapi. Wazee walijenga ukuta wakauwekea mlango. Yeye, aliyekuwa akiwalilia kila siku, alikuwa ameubeba ukuta mtupu.

Aliingia ndani. Rondang alikuwa akikunja nguo za mtoto. Kinu kilikuwa pembeni, kimejazwa miavuli na viatu vibovu. Mzee akavitoa kimoja kimoja, akakipangusa kinu kwa kiganja.

"Kinu," alisema, akakohoa. "Mwambie Inang samaki wa Lasma ni wengi, peke yangu sitawamaliza. Tena mwambie salamu zake zote nimeziitikia. Ila moyoni."

Rondang aligeuka na hofu, akidhani mzee amerukwa na akili. Pale mlangoni Lasma akamwonyesha kinu kwa mdomo. Mkamwana akakitazama, akamtazama mzee aliyeinamisha kichwa, akaelewa polepole. Akajifuta macho kwa kinguo cha mtoto.

"Kinu, mwambie Amang ya moyoni mimi siyasikii."

"Mwambie amesema kweli."

"Na mwambie samaki nitawapika kwa pilipili nyingi. Zikizidi aseme, nisibaki kukisia."

"Mwambie marehemu alikuwa akizidisha, nami nikala."

Asubuhi boti ilipiga honi gatini, ikaondoka. Rondang, mtoto mgongoni, alisimama na mchi mkononi.

"Horas, kinu," alisema. "Umeamkaje?"

"Horas," ikajibu sauti nzito ya kizee kutoka dirishani. "Kinu kimeamka salama."