Kamba ya Njumu

Jana fundi viatu wa Darajani alifungua kopo la mafuta, na ile harufu ya ngozi ikanirudisha utotoni.

Goti lilimtoa baba uwanjani, akawa mwalimu wa timu ya mtaa. Njumu zake za mpira niliendelea kuzipaka mafuta mimi, kila Alhamisi.

Siku moja akanambia, "Mwanangu, zilete. Nampa winga wangu."

"Na mimi je?"

"Wewe mtoto wa kike, utazifanyia nini?"

Kabla ya kumpelekea nikachomoa kamba moja, nikaificha.

Uwanjani baba alipiga magoti mbele ya winga, akachomoa kamba ya kiatu chake mwenyewe, akamfunga taratibu. Mimi hakupata kunifunga viatu hata siku moja.

Njia nzima ya kurudi aliburura kiatu, akimsifu winga wake. Mie nyuma, kamba imo ngumini.